Chapa ya Gobori

Matonya wa Mlali alikuwa mtu wa kushuku. Ukimpa kibuyu cha maziwa, atakitikisa kwanza asikie kama kuna kitu ndani. Ukimsalimia kwa furaha, atakwenda zake akijiuliza unataka nini kwake. Mkewe Loisi, aliyebatizwa kwa wamisionari wa Mpwapwa na kufundishwa huko kumsamehe kila mtu, alikwishachoka kumweleza kwamba watu wengi hawana hata nafasi ya kumfanyia hila. Matonya alijibu kuwa wenye hila ndio wanaosema hivyo.

Kitu kimoja tu hakukishuku, nacho ni gobori lake. Lilikuwa la mtutu mmoja, rahisi kuliko yote, kitako kimepasuka na kufungwa kwa ngozi ya ng'ombe. Alilipata kwa Bashiri, mchuuzi Mrangi wa Kondoa, kwa mabeberu wawili na mzigo wa nta. Bashiri mwenyewe alimwambia wazi kwamba hiyo si bunduki ya kujivunia. Matonya akajivunia hivyo hivyo.

Asubuhi nyingi, umande ukiwa bado kwenye uwele, alikwenda nalo hadi ukingoni mwa shamba. Alimimina baruti mtutuni, akasokomeza kitambaa, akatia marisau, zile chembe ndogo za risasi, akasokomeza kitambaa tena, kisha akashindilia yote kwa mdeki, polepole, bila haraka ya mtu yeyote. Hapo ndipo raha ilipoanzia. Gobori lilikuwa na mlio mmoja tu. Ukikosa, kanga wamekwenda zao nawe umebaki na moshi. Kwa hiyo aliketi, akangoja, akachagua. Lilipolia lilimpiga bega, moshi ukamjaa puani, kanga wawili watatu wakaanguka, naye akacheka peke yake shambani mpaka machozi. Hata nguruwe pori waliozoea kummalizia uwele kila mwaka walianza kupita mbali. Jioni alilipangusa kwa mafuta ya kondoo kabla hajagusa chakula.

Mwaka ule vita vya Majimaji vilikuwa vimekwisha, na Wadachi hawakupenda tena kuona bunduki wasiyoijua. Siku moja tarishi wa jumbe alikuja Mlali na amri.

"Bwana Mkubwa amesema hivi," alitangaza. "Wenye magobori wote waende bomani Mpwapwa kabla mwezi huu haujaisha. Wapigwe chapa."

Tarishi alikuwa Mgogo kama wao, na Kiswahili chake alikiokota njiani akibeba mizigo ya misafara. Waliomsikiliza nao walikiokota huko huko. Neno chapa hawakulijua. Kuchapa walikujua vizuri sana, tena mgongoni, maana Wadachi walikuwa na kipimo chao cha viboko ishirini na vitano ambacho nchi nzima ilikiita hamsa ishirini.

"Wapigwe nini?" mtu mmoja aliuliza.

"Chapa," alisema tarishi, akaridhika kwamba ameeleweka.

Kesho yake Bashiri alipita na mzigo wake wa chumvi na ushanga. Alipoambiwa habari hiyo alicheka mpaka akaweka mzigo chini.

"Rafiki yangu, hapigwi mtu. Yanapigwa magobori. Chapa ni alama. Wanagonga namba kwenye chuma, wanakuandikia cheti, unarudi nyumbani kwako. Ninyi si mnakata masikio ya ng'ombe wenu ili wajulikane? Basi ni hivyo."

"Na ng'ombe huambiwa anapelekwa kukatwa sikio?"

"Matonya, nimeyaona Kondoa kwa macho yangu. Nenda, tena usikawie. Mwezi ukiisha, gobori lisilo na chapa linachukuliwa, na mwenyewe anatiwa mnyororo."

Matonya alimshukuru, akamkaribisha togwa, na tangu pale hakumwamini hata kidogo. Kwa nini amhimize hivyo? Mwezi uliopita Bashiri huyu huyu alimwuliza kama gobori analiuza. Mtu aliyetoka bomani na mgongo uliochanika atalichukia gobori, atalitoa kwa bei yoyote, na nani atakuwa amesimama njiani na mzigo wake wa chumvi? Alivyozidi kufikiri ndivyo hila ilivyozidi kuwa wazi. Lakini mnyororo nao ulimtisha. Asipokwenda atapoteza gobori, akienda atapoteza ngozi, na vyote viwili alivihitaji.

Siku ya tatu akamkumbuka Sila.

Sila alikuwa kaka yake Loisi, kijana mpole aliyejifunza kusoma kwa wamisionari, asiyejua kumkatalia mtu. Matonya alimwita nyumbani wakati Loisi amekwenda kuchota maji kwenye visima vya korongoni. Aliwaita na majirani wawili, maana karani bomani angeuliza mwenye gobori ni nani, na Matonya hakutaka jina lake litajwe mahali penye viboko.

"Mnishuhudie," alisema. "Gobori hili leo nimempa shemeji yangu Sila. Ni lake. Atalipeleka Mpwapwa kwa jina lake."

Sila aliuliza, "Umenipa, shemeji?"

"Nimekupa."

Moyoni alikwishapanga yote. Mgongo ukipona, atalichukua tena taratibu, na Sila si mtu wa kubisha.

Loisi aliporudi na kusikia, alitua mtungi chini. "Wewe, Baba Dorkasi? Wewe umempa mtu gobori?"

"Si kaka yako?"

Siku zile zote Loisi alimtazama mumewe kwa jicho ambalo Matonya alilifahamu, kwa sababu lilikuwa jicho lake mwenyewe.

Siku nne Matonya hakuwa na raha. Nguruwe waliingia shambani, akawafukuza kwa mawe na makelele. Aliona huruma kidogo kwa mgongo wa Sila, akaona huruma zaidi kwa gobori lililo mikononi mwa mtu asiyejua hata kulipangusa. Tena alianza kuogopa kwamba Sila, akizidiwa na viboko, atamtaja.

Siku ya tano Sila alitokea njiani, gobori begani, anatembea wima. Majirani walikusanyika. Loisi alikuwa uani anapepeta uwele.

"Vua shuka," Matonya alisema kabla ya salamu. "Geuka."

Sila alitii. Mgongo wake ulikuwa mzima, hauna hata mstari.

"Hakuchapwa mtu," Sila alisema akicheka. "Bashiri alisema kweli. Tazameni." Kwenye chuma, karibu na mtambo, palikuwa na namba iliyogongwa vizuri. Akatoa na karatasi, akawasomea: gobori moja, mtutu mmoja, la Sila wa Mlali.

Matonya alinyoosha mkono kulishika. Sila alimpa bila kusita.

"Shemeji, nikwambie," alisema. "Mimi nilijua nakwenda kuchapwa. Njia nzima nilimwomba Mungu nisilie mbele ya askari. Nilisema, shemeji ni mtu mzima, mgongo wake hautastahimili, na ameona haya kuniomba wazi, ndiyo maana ananipa na gobori. Sasa viboko havikuwapo, naona haya kupokea kitu kikubwa hivi kwa bure. Karani anasema jina hubadilishwa tukienda wote wawili. Nieleze tu. Ulinipa, au ulinituma?"

Matonya aliutazama uso ule akitafuta hila. Aliitafuta kwa bidii, kwani angeiona angepona. Haikuwapo. Mkono wake ulikuwa kwenye kitako, vidole vimelala juu ya ile ngozi aliyoifunga mwenyewe. Akisema nilikutuma, gobori litarudi, na kila aliyesimama pale atajua kwamba alimtoa kaka wa mkewe akale hamsa ishirini zake. Akisema nilikupa, hataligusa tena ila kwa kuazima. Alitaka kulia, naye hakuwa mtu wa kulia.

"Nilikupa," alisema, akamrudishia gobori.

Sila alimshika mikono yote miwili akashukuru. Majirani walisema hawakumdhania Matonya kuwa na moyo mwema kiasi hicho, wakamsindikiza Sila kwenda kujaribu gobori lake upande wa pili wa shamba. Walimwacha Matonya amesimama uani na mkewe.

Loisi aliweka ungo chini.

"Baba Dorkasi," alisema, "mgongoni mwa kaka yangu ulikuwa unatafuta nini?"