Matumbo Manne ya Nkwabi

Siku ile mjinga alikuwa Nkwabi, na tukubaliane hapa hapa mlangoni, ili mbele asije mtu akamwonea huruma kabla ya wakati. Mwenyewe akisimulia leo hakatai. Ila husimulia kwa sauti ya chini, tena baada ya kuhakikisha mkewe Mariana yuko jikoni na redio imewashwa.

Aliingia kliniki pale Mpanda mjini asubuhi, viatu vimejaa tope la Kawajense, nyuma yake binti yake Nyamizi kashika daftari la hospitali. Nyamizi alikuwa amefaulu darasa la saba na kupangiwa shule ya bweni Sumbawanga. Shule inafunguliwa Jumatatu. Tatizo lilikuwa utumbo wake mpana, una ugonjwa ule wa kuvimba na kutoka vidonda, ambao hutulia miezi kadhaa halafu ukarudi kama mgeni aliyesahau kofia. Ukirudi, mtoto anaharisha damu mara nane kwa siku. Mwaka jana ulirudi akazimia njiani kwenda chooni, na Nkwabi akambeba mgongoni mbio mpaka hospitali, akipishana na bodaboda kumi zisizo na abiria. Hakuiona hata moja. Tangu siku hiyo ukimtajia bweni, anatema mate.

"Nani atamwangalia huko?" alimuuliza Nesi Scola kabla hata hajakaa.

"Atajiangalia mwenyewe," alisema Nesi Scola, mama wa Kipimbwe mwenye mwili wake na subira yake. Akatoa karatasi. "Hapa kuna maswali ishirini kuhusu ugonjwa wake. Mtoto anajibu peke yake. Akipata kumi na tano, namwandikia barua matroni, dawa anashika mwenyewe, Jumatatu anaondoka. Akikosa, atasoma shule ya kutwa hapa hapa, uendelee kumlinda."

Nkwabi alitabasamu. Alijua kashinda. Miaka mitatu ya kliniki, Nyamizi hakuwahi kujibu hata swali moja. Kwa Nkwabi, mtoto hajibu mbele ya daktari baba yake akiwa amekaa pale, ingekuwa aibu. Hata daktari akiuliza, "Binti, unaumwa wapi?" alijibu Nkwabi, akionyesha tumbo lake mwenyewe. Sasa mtoto wa namna hiyo atajuaje?

Hapo angenyamaza, kisa kingeishia hapo na heshima yake ingebaki. Hakunyamaza.

"Nipe na mimi karatasi."

"Baba Nyamizi, wewe huendi bweni."

"Nipe, sista. Nataka uone tofauti."

Nesi Scola akampa. Wakakaa, baba ncha hii ya meza, binti ncha ile. Nyamizi akaandika taratibu, kichwa kimeinama. Nkwabi akaandika kama anayesaini hati ya kiwanja.

Swali la kwanza lilikuwa na picha ya mtu, mstari tu wa nje, uchore mahali ugonjwa ulipo. Nkwabi alicheka kidogo puani. Yeye alikuja Katavi na ng'ombe wa baba yake, na tangu hajaota ndevu, mnyama akichinjwa anayeitwa kupasua ni yeye. Akachora. Akajaza. Akaongeza mishale.

Walipomaliza, Nesi Scola alianza na karatasi ya Nkwabi, akaigeuza juu chini, akairudisha.

"Hili ni nini?"

"Tumbo."

"Na hili?"

"Tumbo la pili."

"Naona na la nne. Hili la tatu umelitia mistari kama kurasa za kitabu."

"Ndivyo lilivyo ukilifungua," alisema Nkwabi, halafu sauti ikaanza kupungua. "Ndimo majani..."

"Baba Nyamizi, huyu mtoto wako anacheua?"

Nyamizi aliuma kalamu. Mabega yalimtikisika lakini hakutoa sauti, kalelewa vizuri.

Nesi Scola akaendelea. Penye swali kama ugonjwa unaambukiza, Nkwabi kaandika: Ndiyo, atengwe.

"Kumbe ndiyo maana kikombe changu kinakaa dirishani," alisema Nyamizi polepole, kama mtu aliyeokota kitu chake.

Penye swali kwa nini mkojo wa anayetumia vidonge vya ugonjwa huo unakuwa rangi ya chungwa, Nkwabi kaandika: Ugonjwa unatoka. Nyamizi kaandika: Ni rangi ya dawa, siyo damu, nisiogope.

Baba akapata sita. Binti akapata kumi na tisa.

Nkwabi akamgeukia mwanawe. "Nani kakufundisha?"

"Hapa hapa, Baba. Kila ukijibu vibaya, nesi alikuwa anakusahihisha. Wewe ulikuwa bado unaongea. Mimi nilikuwa nasikiliza."

"Hili moja umeliacha wazi," alisema Nesi Scola, akigonga karatasi ya binti kwa kalamu. "Kabla ugonjwa haujarudi mara ya mwisho, nini kilikuwa kimebadilika? Hulijui?"

"Nalijua."

"Sasa?"

Nyamizi aliangalia viatu vya baba yake. "Si Baba naye anazisoma hizi karatasi."

Nesi Scola akasogeza karatasi ya Nkwabi mpaka kidole chake kikatua kwenye swali la kumi na moja: mtoto akijisikia vizuri, dawa afanye nini? Mwandiko ulikuwa wa Nkwabi mwenyewe, mnene, haukuwa na wasiwasi. Aache. Mzima hapewi dawa.

Ndivyo alivyofanya maisha yake yote zizini. Ng'ombe akiharisha, sindano. Mavi yakikaza, sindano inarudi kwenye kopo. Mwezi wa tatu mwaka jana aliona mtoto anakula, ananenepa, anaimba akisukuma baiskeli. Akachukua vidonge akaviweka juu ya kabati, akamwambia Mariana Mungu ni mwema. Mwezi wa nne ndio alipombeba mgongoni. Kumbe hata mbio zile alikuwa akizikimbia kwa kosa lake mwenyewe, na aliyekuwa mgongoni alijua, na mwaka mzima hakusema.

Sasa mtu wa kawaida hapo huinamisha kichwa. Lakini aibu ikimpata Nkwabi, humpandisha sauti.

"Karatasi ni karatasi," alisema, akisimama. "Nyie mnasoma utumbo kwenye vitabu. Mimi nimeushika. Nimeuosha kwa mikono hii. Huko bweni usiku tumbo likimkamata, karatasi itamsaidia nini?"

"Namwamsha matroni," alisema Nyamizi. "Nikiona damu nasema siku hiyo hiyo, sisubiri. Nikipata homa nasema. Situmii dawa ya maumivu mpaka niulize. Na vidonge nameza, niumwe nisiumwe."

"Umekariri!"

"Nimeumwa, Baba."

Nesi Scola alishavuta karatasi safi, akaandika juu yake: Kwa Matroni. Nkwabi akaiona ile kalamu inavyotembea, akajua kama kuna neno la kuizuia, aliseme sasa. Akanyoosha mikono yote miwili mbele ya binti yake, viganja juu, kama ushahidi.

"Nisikilize, Nyamizi. Ng'ombe niliowapasua kwa mikono hii hawahesabiki. Hakuna utumbo nisioujua. Leo wewe ndiyo uniambie mimi habari za tumbo?"

Nyamizi alifunga daftari lake, akalikumbatia kifuani.

"Na katika hao wote uliowapasua, Baba, alipona yupi?"