Waya wa Kengele ya Ghorofa ya Tatu

1.

TAARIFA KWA MCHEZAJI

Jina: Mireia Ferrandis
Uraia: Mhispania
Cheo duniani: 131

Unaarifiwa kwamba Jumanne tarehe 14 Mei, kati ya saa kumi na mbili na saa moja asubuhi, ofisa wetu wa vipimo alifika katika anwani uliyoijaza wewe mwenyewe kwenye fomu. Alibonyeza kengele ya ghorofa ya tatu mara tisa. Hakufunguliwa. Dakika tano za mwisho alipiga simu yako. Ilikuwa imezimwa.

Hili ni kosa lako la tatu ndani ya miezi kumi na miwili. Adhabu ya kosa la tatu ni kufungiwa miaka miwili.

Una siku kumi na nne za kujieleza.

2.

Wewe unayesoma hapa huenda hujui maisha ya hawa watu, basi nikueleze, kwa sababu wao wenyewe wameyazoea hata hawayaoni ajabu tena.

Mchezaji wa tenisi wa ngazi hiyo hana ruhusa ya kupotea. Kila siku ya mwaka huandika kwenye fomu muda wa saa moja na mahali: muda huu nitakuwa hapa, njooni mnipime mkitaka. Siku ya harusi yake huandika. Siku ya kumzika mama yake huandika. Wakija wasimkute, ni kosa. Makosa matatu, anahesabiwa sawa na yule aliyekutwa na dawa za kuongeza nguvu mwilini, na watu mitaani hawatofautishi.

Mireia aliandika alfajiri, nyumbani kwa baba yake, mjini Burriana. Nani hayupo kitandani alfajiri?

Na alikuwepo.

Weka hilo akilini. Alikuwepo, amelala fofofo, hatua kumi na mbili kutoka mlangoni.

3.

MAISHA YA MCHEZAJI KWA KIFUPI

Miaka 6: Ukuta wa nyuma wa ghala la machungwa. Raketi ya baba imekatwa mpini.
Miaka 12: Bingwa wa mkoa. Baba analia chooni, maji ya bomba yamefunguliwa ili asisikike.
Miaka 17: Cheo cha 611.
Miaka 22: Cheo cha 88. Paris, raundi ya pili. Picha iko kwenye baa ya mtaani, juu ya mashine ya kahawa.
Miaka 24: Bega. Kisu cha upasuaji.
Miaka 25: Bega. Kisu.
Miaka 26: Cheo cha 702. Anacheza kwenye viwanja ambavyo watazamaji ni mbwa na mke wa mpinzani.
Miaka 28: Kosa la kwanza, Septemba. Ndege imechelewa Casablanca.
Miaka 29: Kosa la pili, Februari. Ameshindwa mapema Antalya, amehama hoteli, amesahau kubadilisha fomu.
Miaka 29: Cheo cha 131. Daktari amesema bega lina misimu miwili, mitatu kwa bahati.
Miaka 31:

4.

Batiste Ferrandis, baba yake Mireia, ni mtunza viwanja wa klabu ya mji. Viwanja vya udongo mwekundu humwagiliwa kabla jua halijatoka, la sivyo udongo unapasuka, kwa hiyo kwa miaka thelathini mzee huyu ameondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri akirudi saa moja na nusu, kucha zake nyekundu kama za mtu aliyechambua nyama.

Jumatatu ile Mireia alirudi kutoka Roma. Alikuwa ameshindwa kwenye michezo ya kufuzu na hakuwa amelala siku tatu.

"Baba, ni hapa kwako tu ndipo ninapolala," alimwambia, akajitupa kitandani na soksi zake.

Alfajiri, Batiste alifanya alichofanya kila binti yake alipokuja amechoka tangu ana miaka kumi na minne. Alisogeza koti lake ukutani, akafunua kisanduku cha kengele, akachomoa waya. Jengo lile lina watu wasio na adabu. Wasambazaji wa mikate hubonyeza vitufe vyote kwa mpigo. Mtoto anataka kulala.

Aliporudi alirudisha waya mahali pake. Mireia bado alikuwa usingizini. Batiste alimchungulia, akafurahi sana, akaenda kukaanga mayai.

Unataka kuuliza kama hakujua habari za fomu. Alijua. Mireia alimweleza mara mbili, naye akaitikia kwa kichwa huku akisikiliza redio. Alidhani wapimaji huwafuata watu mahotelini. Alidhani wakija nyumbani hupiga simu kwanza, kama watu waungwana.

5.

Taarifa ya ofisa wa vipimo

Nilifika saa kumi na mbili na dakika mbili. Nilibonyeza kengele kila baada ya dakika chache. Sikusikia kama inalia juu, kwa kuwa nilikuwa barabarani. Mama mmoja aliyetoka na mbwa aliniuliza namtafuta nani. Kanuni haziniruhusu kusema. Hakuniruhusu kuingia. Niliondoka saa moja kamili.

Sina la kuongeza, ila mvua ilikuwa inanyesha.

6.

Kwenye baa, chini ya picha ya Paris:

"Umesikia ya binti wa Batiste?"

"Nimesikia."

"Ndiyo maana bega lilipona haraka vile."

"Usiseme hivyo, mzee wake hukaa pale."

"Mimi sijasema kitu. Nasema tu lilipona haraka."

7.

Siku barua ilipofika, Mireia aliisoma amesimama. Kisha akakaa.

"Baba, asubuhi ile ulisikia kengele?"

"Nilikuwa uwanjani, mwanangu."

"Basi labda ni mbovu."

Aliteremka ngazi mbio. Batiste alibaki jikoni, kitambaa cha vyombo mkononi, akisubiri. Kengele ikalia nyumba nzima. Ikalia tena. Alimsikia akipanda taratibu, hatua ya mtu aliyefungwa seti mbili.

"Nzima," alisema.

"Nzima," alisema Batiste.

Hapo ndipo alipokuwa na nafasi yake. Sentensi moja ingetosha. Alimwaga kahawa iliyopoa kwenye sinki, akaosha kikombe, akakiosha tena.

8.

Kutoka kwa wakili Garazi Etxeita, kwa mteja wake

Mpendwa Mireia,

Fundi uliyemleta amethibitisha kengele haina hitilafu. Nasikitika, maana hiyo ndiyo njia pekee niliyokuwa naitegemea. Kama ingethibitika kwamba asubuhi ile haikuwa ikilia, na kwamba wewe hukujua, kosa la tatu lingefutwa na kesi ingeishia hapo.

Fikiri tena. Ulizia majirani. Kama kuna mtu yeyote anajua lolote kuhusu kengele hiyo, namhitaji kabla ya tarehe 3.

Nimemweka baba yako kama shahidi, aeleze tu kwamba ulilala nyumbani usiku ule.

9.

Batiste, mbele ya kioo cha bafuni:

Mwanangu, ile kengele

Mireia, unakumbuka ulipokuwa mdogo nilikuwa na tabia ya

Mwanangu, kaa kwanza, nina

Ni mimi.

(Hili la mwisho alilisema akiwa peke yake nyumbani.)

10.

Usimwite mwoga upesi. Au mwite, lakini sikia kwanza.

Aliogopa, ndiyo. Aliona aibu iliyomnyima hata hamu ya kula. Mkewe aliondoka Mireia akiwa na miaka tisa, akamwambia pale mlangoni kwamba atamharibu mtoto kwa hiyo tenisi yake. Miaka ishirini Batiste ameishi ili kumwonyesha mwanamke yule kwamba alikosea. Na sasa, kwa vidole viwili na waya mwembamba

Hakumaliza kuiwaza. Kila siku aliahidi kusema kesho yake, na kila kesho Mireia alikuwa amekonda zaidi kidogo, na ikawa vigumu zaidi kidogo. Siku ya nane aligundua kwamba sasa ana makosa mawili ya kuungama, la waya na la siku nane, na la pili lilimtisha kuliko la kwanza.

11.

Sasa nikuambie ambacho Batiste hakukijua.

Jumapili, yeye akiwa uwanjani, Mireia alisogeza koti. Hakuwa anatafuta kitu. Alitaka kulifua. Nyuma yake, kwenye kifuniko cheupe cha kisanduku cha kengele, kulikuwa na alama ya dole gumba, nyekundu. Na nyingine. Alama za zamani zilizofifia na mpya zilizokoza, moja juu ya nyingine, miaka kumi na mitano ya madole.

Alielewa mara moja. Anaujua udongo ule kuliko sura yake.

Alilirudisha koti bila kulifua. Hakumpigia wakili. Alitaka asikie kutoka mdomoni mwa baba yake, hilo tu, na baada ya hapo angemsamehe kabla hajamaliza kusema. Jioni alimuuliza, "Baba, una jambo?"

"Hapana, mwanangu. Mgongo tu."

Alimuuliza Jumatatu.

Alimuuliza Jumatano.

Mgongo.

12.

KUMBUKUMBU ZA KIKAO (sehemu)

WAKILI: Bwana Ferrandis, binti yako alilala wapi usiku wa kuamkia tarehe 14?

SHAHIDI: Nyumbani. Kitandani kwake.

WAKILI: Una hakika?

SHAHIDI: Nilimwona kabla ya kutoka na baada ya kurudi.

MWENYEKITI: Nami nina swali. Kama alikuwepo na ofisa alibonyeza mara tisa, asubuhi ile kengele ilikuwa inafanya kazi?

SHAHIDI: (Anazitazama kucha zake.)

MWENYEKITI: Bwana Ferrandis?

SHAHIDI: (Anaomba maji. Analetewa. Hanywi.)

MWENYEKITI: Ni swali la ndiyo au hapana.

MCHEZAJI: Ilikuwa nzima.

WAKILI: Mireia.

MCHEZAJI: Ilikuwa nzima, niliisikia. Mara zote tisa. Nilikuwa nimechoka, sikuamka.

WAKILI: Naomba mapumziko, Mheshimiwa.

MWENYEKITI: Subiri. Mchezaji, unaelewa unachosema? Kutosikia ni kosa la tatu, na tulikuwa tunajadili miaka miwili. Kusikia na kukataa ni jambo jingine. Ni minne.

MCHEZAJI: Naelewa.

MWENYEKITI: Unayasema haya kwa hiari yako?

MCHEZAJI: Mwacheni mzee akakae.

(Karani anaandika kwamba mchezaji hamtazami mwenyekiti wala wakili. Anamtazama shahidi, na amekuwa akimtazama tangu swali lilipoulizwa.)

MWENYEKITI: Hatakaa bado. Swali lilikuwa lake. Bwana Ferrandis, umemsikia binti yako. Alichosema ni kweli?

SHAHIDI: