Korido ya Kombokombo

Neno la mwisho lilikuwa kivumishi cha Kiingereza, adimu, cha kuelezea mito, vichochoro na kila kisichojua kwenda moja kwa moja. Bi Kitomeo, mtunga kamusi, alihangaika nalo tangu asubuhi. "Kupinda" halikutosha, hata mgongo hupinda. Mchana, akiwa anakuna kichwa, likamjia: kombokombo! Akaruka kitini.

Katika chumba kile, neno halikuandikwa mpaka litamkwe kwa sauti ndani ya sentensi. Akachukua mfano wa kilicho karibu. "Korido hii ni kombokombo," alisema, na korido yenyewe imenyooka kama rula.

Mpika chai akaingia akihema. "Dada, korido imepinda. Mara kushoto, mara kulia. Chai imepoa njiani."

"Imepinda mara nyingi?"

"Mpaka nimechoka!"

"Basi ndilo!" Bi Kitomeo akapiga makofi, akaliandika. Kamusi imekwisha, na mhariri mkuu alikuwa amemwahidi: ikikwisha, jina lako litakaa kwenye jalada. Jioni ile ile ilikuwa inapelekwa mtamboni. Akakumbatia kurasa, akatoka mbio kumkumbusha.

Ofisi ya mhariri mkuu ilikuwa mwisho wa korido. Akapinda, akapinda tena, akawasalimu wahasibu, akapinda, akajikuta mlangoni kwake. Akavua viatu, akaanza upya. Lo! Tena mlangoni kwake.

Hapo akapita mpwa wa mhariri mkuu, kijana wa idara ya masoko asiyepata kutafsiri hata neno moja. Mbele yake korido ilinyooka. Alifika kwa mjomba wake huku akipiga mluzi. Bi Kitomeo alimfuata nyuma, ikapinda.

Alimvizia akirudi. "Mwanangu, kwako imenyooka tangu lini?"

"Shangazi, mbona iko hivi siku zote?" kijana alijibu, wala hakuwa na kejeli. Jioni akazichukua kurasa, akazipeleka kwa mjomba wake.

Wafanyakazi wakaizoea. Wakaweka benchi kwenye kona mbaya zaidi, na mpika chai akanunua chupa ya kutunza joto.

Kamusi ilipotoka, jaladani palikuwa na majina mawili, la mjomba na la mpwa. Kijana mwenyewe alimletea Bi Kitomeo nakala, hata jasho halikumtoka. Ndani alikuwa ameandika: "Kwa Shangazi, ahsante kwa kutusaidia." Akafungua ukurasa wa neno lake, akalisoma taratibu. Hapakuwa na kosa hata moja.