Kidole cha Kauko

Kling! Kimya kidogo, kisha mvua ya sarafu ikamwagika kwenye bakuli la bati. Niliisikia kabla sijafungua mlango wa baa ya Lempi, na hadi leo, miaka thelathini baadaye, hakuna muziki unaonirudisha kwetu Ufini upesi kama sauti ile.

Ilikuwa pajatso, sanduku la kioo lililotundikwa ukutani. Unatia sarafu ya marka moja, unakipiga kijiti cha pembeni kwa kidole, sarafu inaruka na kuanguka. Ikiingia kwenye mifereji ya katikati unalipwa; ikikosa, imemezwa. Haikuwa bahati tupu, ilitaka kidole. Na kidole kilichosifiwa katika mji wetu mzima wa kiwanda cha mbao kilikuwa cha baba yangu, Kauko.

Jumamosi ile mama alitutuma mjini kununua jiko la sauna. La zamani lilikuwa limepasuka, na tangu Krismasi tulioga kwa majirani kama watu wasio na kwao. Pesa nilizibeba mimi. Mwenye duka alikuwa ametoka kula, basi tukaingia kwa Lempi kumsubiri.

Baba aliagiza kahawa. Alikuwa na miaka sita bila kuonja bia wala kugusa pajatso. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili na kichwa moto. Nikaagiza bia.

"Sarafu tatu tu, baba."

"Ilpo," Lempi akasema akifuta glasi, "mashine hiyo imekula vidole vingi kuliko msumeno wa kiwandani."

"Vya wengine. Mimi mtoto wa Kauko."

"Mtoto wa mpishi naye huunguza uji."

Sarafu ya pili ililipa. Bia ya pili nikainywa kwa furaha, ya tatu kwa hasira. Nilibadilisha noti moja ya pesa za jiko kwa sarafu, nikabadilisha nyingine.

"Twende, mwanangu. Duka limefunguliwa."

"Moja tu ya mwisho."

"Ndivyo ulivyosema bia iliyopita."

Wazee wa meza ya dirishani wakaangua kicheko. "Mwacheni! Atanunua mlango wa jiko, jiko lenyewe litafuata!"

Nilipoingiza tena mkono mfukoni, nilikuta noti moja tu. Masikio yakaniwaka. Baba akainuka na kikombe chake mkono wa kushoto, akatia sarafu, akakipiga kijiti kama mtu anayefukuza nzi. Kling! Sarafu zikabubujika. Baa nzima ikapiga meza. Akazikusanya kwenye kofia, akarudi kukaa, akanywa kahawa.

"Endelea, baba! Kidole kimewaka! Zitarudi zote!"

Akanitazama kwa upole ulioniuma kuliko kofi.

"Unadhani pombe iliniharibu kidole? Hata nikiwa nimelewa chakari, kilikuwa hikihiki. Nilikuwa nashinda, Ilpo. Kilichoharibika ni miguu. Haikuijua tena njia ya mlangoni."

Kisha akavaa kofia, sarafu zikiwa mfukoni, akatoka. Nikamfuata. Dukani hatukuingia, maana tulichobaki nacho kisingetosha hata bomba la moshi.

Nyumbani mama alikuwa amesugua mabenchi ya sauna hadi yakanukia msonobari. Alisimama mlangoni pa sauna, mkononi fungu la matawi mabichi ya mbetula ya kujichapia tukioga, akichungulia nyuma yetu, akitafuta jiko.

Baba akafungua kinywa. Nilijua anataka kuibeba lawama, kwa kuwa mama angeamini haraka. Nikamtangulia.

"Ni mimi, mama. Nimelinywa na kulicheza, baba hakuonja tone. Jiko litakuwa hapa kabla ya mkesha wa sikukuu ya katikati ya kiangazi, hata nikipakua magogo usiku na mchana. Na pajatso siigusi tena. Siku ukisikia nimesimama mbele yake na glasi mkononi, ufunge mlango huu, nikaoge ziwani."