Viazi Alivyochagua Fermín

Jamani! Nimerudi kutoka malishoni, namkuta mkamwana wangu Rosaura ameviosha viazi vyote vya mbegu na kuvinyofoa vichipukizi, kimoja kimoja, havikubaki hata vya dawa. Nilipiga yowe mpaka mbwa wa jirani wakaitikia.

"Mama, vilikuwa vimeanza kuharibika," akasema, mikono inamchuruzika maji. "Kule Lima kiazi kikichipua tunakitupa."

"Basi ungejitupa na wewe! Hivyo si vya kula, ni mbegu!"

Na si mbegu hivi hivi tu. Mwanangu Fermín alivichagua mwenyewe baada ya mavuno, vyenye ukubwa wa yai, akavifunika kwa nyasi ghalani, akatuaga kwenda mgodini. Alirudi ndani ya sanduku. Alichotuachia mimi na mkewe ni hivyo viazi, basi. Vikifa, hata shambani Fermín hayupo.

Ningepanda mwenyewe, lakini goti langu halikunjiki, na kwetu mwanamume hashiki mbegu. Yeye huchimba, mwanamke ndiye anayeweka. Kwa hiyo nilikuwa namhitaji huyu huyu wa mjini, asiyejua kwamba kiazi kina macho ya kuchipulia.

Nikamnunia. Tukavitandaza barazani, penye mwanga lakini jua lisivichome, tukasubiri. Kila asubuhi namwona amechuchumaa pale, anavigeuza, anavisemesha. Siku moja akaniita kwa kelele.

"Mama! Njoo uone! Vinachipua tena!"

Kweli, vichipukizi vifupi, vinene, vya zambarau. Tukakumbatiana tukalia kama wajinga. Siku hiyo nilimkumbuka mwanangu mpaka kifua kikauma.

Siku ya kupanda, jirani yetu Nicanor akaja na jembe lake la mguu. Tukaimwagia ardhi pombe ya mahindi, kazi ikaanza. Nicanor anakandamiza jembe kwa mguu, anapindua bonge la udongo, Rosaura anaweka kiazi na samadi ya kondoo.

"Macho juu, dada wa Lima!" Nicanor akamtania. "Ukivilaza kifudifudi vitaota kuzimu!"

"Wewe chimba, mbegu hazikuhusu," Rosaura akamjibu.

Nikacheka. Alikuwa ameshakuwa wa kwetu.

Kwenye shimo la mwisho akasimama, kiazi mkononi. "Hiki nibaki nacho, mama? Kimoja tu. Alikishika."

"Kitaoza, mwanangu. Weka."

Akaweka, machozi yanamtoka, akainama afukie. Mimi nimesimama pale, mkono kifuani. Humo, ndani ya nguo, nilikuwa nimeficha kiazi changu tangu siku ya mazishi. Nikakitoa. Kilikuwa kimesinyaa, na kwa joto langu kimechipua. Kila nikilalia ubavu kilikuwa kinanichoma, nami nilikuwa nafurahi kuchomwa.

Rosaura akakitazama, akanitazama. Akanyoosha mikono yote miwili, na mimi nikachelewa kukiachia.

"Nicanor," nikasema, "chimba shimo jingine."