Shuka Mia na Ishirini Mbele ya Jaji

Dobi wa hospitali alifika Mahakama Kuu saa mbili kasoro robo, amevaa gauni lake la misibani alilolipiga pasi mara mbili. Miaka ishirini na sita ya kufua shuka za wagonjwa ilikuwa imemwachia vidole vilivyokunjamana kama vya mtu aliyetoka kuoga sasa hivi. Mkononi alishika hati ya mashtaka: ameiba shuka mia na ishirini, mali ya hospitali.

Kosa lake lilikuwa kuhesabu. Kila Ijumaa alihesabu shuka, na Ijumaa moja zilipokataa kutimia aliandika daftarini, "Mia na ishirini hazipo," akatia sahihi. Msimamizi wa hospitali, ambaye wafanyakazi walimwita Baba Kikohozi kwa vile hukohoa kabla ya kusema uongo, alilipeleka daftari polisi. Sahihi ya nani hii? Ya dobi. Basi mwizi kapatikana.

Dhamana alipewa, kwa sharti kwamba asikanyage hospitali. Na huko, wodi namba tatu, ndiko alikolazwa mama yake mzazi, mwezi wa pili sasa, mgongo juu ya mpira mtupu wa godoro, ngozi imeanza kuchubuka. Kesi yenyewe, huko mahakama ya chini, ingeanza mwakani, Mungu akipenda na faili likionekana. Ndipo wakili, mtoto wa mama yake mdogo, aliposema wasingoje.

"Twende juu, dada, jaji aifute kabla haijaanza. Hati yenyewe haisemi uliiba lini wala wapi. Ikifutwa, jioni unamgeuza mama mkubwa kwa mikono yako."

Sasa, mbele ya jaji, wakili alikuwa katikati ya hoja ya pili shuka zilipoanza kuingia. Zilipita dirishani moja moja, zikijikung'uta polepole, zikitokea upande iliko nyumba ya wageni ya shemeji yake Baba Kikohozi. Baadhi zilikuwa bado mbichi, zikidondosha maji. Moja ilikuja na soksi ya mtu. Zilijikunja, zikajipanga mezani kwa karani, muhuri wa hospitali juu. Karani akasogeza kikombe chake cha chai. Dobi alizihesabu kimoyomoyo, mazoea yana taabu: mia na ishirini, kamili.

"Mheshimiwa," alisema wakili, "mali yenyewe imekuja kueleza ilikokuwa."

Jaji alishusha miwani. Alisema kwa upole kwamba ameziona, tena ni safi. Lakini mahakama hii, katika hatua hii, haipimi ushahidi. Inatazama karatasi tu. Karatasi ina upungufu, ndiyo, ila upungufu unarekebishika. Shuka kama zina la kusema zikalisemee mahakama ya chini, kesi itakapofika zamu yake. Maombi yakakataliwa.

Dobi hakumsubiri wakili. "Mheshimiwa, nimeiba nini, na vitu ni hivi hapa?"

"Hilo, mama, ndilo kesi itakalotueleza."

Zikabaki shuka. Kwa utaratibu, mali kama hiyo hukabidhiwa mlalamikaji aitunze hadi siku ya kesi. Mlalamikaji ni hospitali, na hospitali ni Baba Kikohozi, aliyekaa benchi la nyuma. Akakohoa, akaapa kuzitunza, akazipakia garini. Dobi alisimama ngazini akilitazama gari hadi njia panda. Kulia ni hospitali, kushoto ni kwa shemeji. Lilikata kushoto.

Saa kumi na moja jioni shuka moja ilitoka tena. Wauguzi wa wodi namba tatu waliiona ikiingia, wakamwinua bibi mgonjwa ili ipite chini yake. Ikajinyoosha, ikajichomeka pembe zote nne. Bibi akauliza kama binti yake amekuja. Wakamwambia bado. Akalala.

Asubuhi askari alimfuata dobi nyumbani na hati mpya. Shtaka la kwanza lilikuwa limerekebishwa, sasa lina tarehe na mahali. La pili lilikuwa jipya: kuvuruga kielelezo cha mahakama, shuka moja.

Dobi aliisoma yote, mstari kwa mstari, kisha akauliza mama yake ameamkaje.

"Hajaamka bado, kalala vizuri," alisema askari, aliyekuwa amepitia wodini. "Ila saa nne tunakwenda kuitoa ile shuka. Ni kielelezo, mama."