Picha Iliyokatwa Magotini

Mwezi Machi ndio uliomtibua Rahel.

Kamati ya kalenda ya mkoa ilikuwa imechagua watu mashuhuri kumi na wawili wa kale, mmoja kwa kila mwezi: watemi, waganga wa mvua, mhunzi mmoja, na padri mmoja mwenye ndevu za kufika kifuani. Oktoba ile ya 1993 Zefania, afisa utamaduni, alizibeba picha zao kwenye bahasha ya kaki mpaka studio ya Rahel pale Utemini ili azitengeneze, maana nyingine zilikuwa na mikunjo na nyingine zimeshaonjwa na mende. Rahel akazipanga mezani huku akiimba pambio. Ilikuwa siku nyingi hajaona kazi ya maana. Enzi zile za ruksa kila kitu kilikuwa kimeingia Singida, mitumba, redio za Kijapani, soda za makopo, na vijana wawili wenye kamera za rangi waliokuwa wakituma filamu zao Arusha kwa basi. Rahel na chumba chake cha giza alikuwa amebakiziwa picha za paspoti tu. Alipofika Machi, akaacha kuimba.

Kwenye picha hiyo mwanamume ameketi kwenye kiti chenye mikono, kifua mbele, fimbo mapajani. Pembeni yake amesimama mwanamke kijana, mikono imening'inia, uso mkavu. Picha ilikuwa imekatwa magotini ili ienee kwenye fremu. Chini yake mtu alikuwa amepiga taipu: *Mtemi Gunda wa Iguluka na mjakazi wake, 1910.*

"Huyu si mjakazi," Rahel akasema. "Huyu ni Wande, mama yake baba yangu. Mtemi wa Iguluka alikuwa yeye."

Zefania akajikuna kisogo. Alikuwa kijana mstaarabu, lakini alikuwa pia mtumishi wa serikali anayekipenda kibarua chake. "Dada Rahel, mimi nitakuamini. Ila tazama mwenyewe. Gunda amekaa. Huyu mama amesimama. Wazee watakuuliza, mtemi gani huyo anasimama mtu wake ameketi?"

Swali hilo ndilo lililomuuma Rahel. Picha ile ilitundikwa miaka mingi kwenye ofisi moja ya serikali kule Iramba, na kila mtoto wa ukoo wao aliyepita shule aliitwa mjukuu wa mjakazi. Baba yake alikwenda kulalamika enzi za Mwingereza akafukuzwa na tarishi, bwana mkubwa hata hakumwona. Alikufa na kinyongo chake. Hata Rahel alipochumbiwa, upande wa mwanamume ulilitia mdomoni suala hilo, wakaletewa wazee wa kulisuluhisha, wee acha tu. Sasa aibu ile inataka kupigwa chapa!

"Ni nakala ngapi?" akauliza.

"Elfu tano. Sostenes ndiye anayegharimia."

Hapo ndipo penye mtihani. Sostenes Gunda alikuwa na mashine mbili za kukamua alizeti na malori matatu, na kila lori limeandikwa mbele kwa rangi nyekundu, MJUKUU WA MTEMI. Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Mkono wake ulikuwa mwepesi, misiba ya watu alikuwa akiihudumia bila kuombwa. Lakini ukimgusa babu yake umemtoboa jicho.

"Kikao cha mwisho ni Jumamosi," Zefania akasema. "Jumatatu kazi inapanda basi kwenda Dar kuchapwa. Ukiwa na kitu, kilete. Ukija na maneno matupu atakumaliza mbele ya wazee, na mimi sitakuwa na la kukusaidia."

Alipoondoka, Rahel alifunga duka mchana kweupe, akaketi kwenye benchi la wateja. Alikuwa akifikiria sanduku.

Mzee Idrissa, aliyemfundisha kazi na kumwachia studio, alilinunua sanduku hilo kwa mzungu mmoja wa mgodi wa Sekenke aliyekuwa akifungasha virago. Lilikuwa limejaa negativu za kioo za zamani, kubwa sawa na daftari, za enzi za Mjerumani. Idrissa hakuzitaka picha, alitaka vioo. Wakati ule kioo cha fremu kilikuwa cha kutafuta kwa tochi. Basi kazi ya kwanza aliyopewa Rahel, akiwa binti wa miaka kumi na sita, ilikuwa kuvichovya vile vioo kwenye maji ya moto na magadi, kisha kuukwangua utando wa picha kwa wembe mpaka kioo kibaki cheupe. Kwenye negativu weusi huwa weupe na weupe huwa weusi. Kwake vilikuwa vivuli tu vya kutisha. Vilitoka vipandevipande vikaenda na maji mferejini. Siku moja alimwuliza mzee kama si vibaya kufuta watu hivyo. Idrissa akamjibu kwamba wameshakufa, hawadai kitu.

Alikuwa amekwangua vioo kama arobaini. Kwa mikono yake mwenyewe. Na huenda kimojawapo kilikuwa cha picha ile.

Alilivuta sanduku toka chini ya kitanda cha stoo. Vilikuwa vimebaki vioo kumi na kimoja, vimegandana kwa vumbi. Akaingia navyo uani, akakinyanyua cha kwanza juani: ng'ombe na wachungaji. Cha pili: boma linajengwa. Cha tatu kilikuwa kimepasuka katikati. Alipokinyanyua cha nne akaketi chini sakafuni asije akakiangusha. Mtu ameketi na fimbo mapajani. Mwanamke amesimama. Na picha haikuishia magotini.

Rahel alilia. Alilia kwa furaha na kwa hofu ya vile vioo arobaini, vyote kwa pamoja, kisha akajipangusa kwa ncha ya kanga akaingia chumba cha giza.

Vijana wa kamera za rangi wasingekiweza kioo kile hata kwa maombi. Rahel alikilaza juu ya karatasi, akahesabu sekunde, akaikinga sehemu ya chini kwa kiganja ili mwanga usiifanye nyeusi mno, akaitia karatasi kwenye dawa. Picha ikaanza kuja taratibu chini ya taa nyekundu. Kilikuja kiti kwanza, miguu yake minne imesimama kwenye vumbi tupu. Halafu ikaja miguu ya Wande. Alikuwa peku. Na chini ya nyayo zake, imetandazwa vizuri, kichwa kimeelekea mbele na makucha yote yapo, palikuwa na ngozi ya simba.

Rahel akacheka peke yake mle gizani. Hakuna mtu wa Iguluka, awe mkulima awe mlevi, asiyejua ni nani aliyekuwa anakanyaga ngozi ya simba.

Alimpelekea shangazi yake ujumbe kwa mdomo wa kondakta wa basi: shangazi aje Singida Ijumaa, kuna picha ya mama yake. Shangazi Anastazia ndiye mtoto pekee wa Wande aliyekuwa hai. Miaka yake ilikuwa sabini na tisa, magoti yamechoka, lakini alishuka kwenye basi hilo kabla kondakta hajamaliza kuutaja mji. Rahel alimwamkia, akamwonyesha picha. Bibi kizee aliitazama muda mrefu. "Alikuwa mwembamba hivi?" akasema. Asubuhi wakaenda wote kikaoni, shangazi akaketi nyuma.

Jumamosi ukumbi ulikuwa na wazee ishirini hivi toka wilaya zote, kofia na bakora, na Sostenes amekaa mstari wa mbele na suti ya kijivu. Zefania alizipitisha picha za Januari na Februari bila matatizo. Alipofika Machi akakohoa, akamkaribisha Rahel.

Rahel alikuwa ameandaa maneno mengi. Yote yakayeyuka. Akasema tu, "Wazee wangu, shikamooni. Hii ndiyo picha nzima, imetoka kwenye kioo chenyewe, nacho hiki hapa. Naomba mwangalie miguuni." Akampa picha mzee Kefa, mkubwa kuliko wote, aliyetoka huko huko Iguluka.

Mzee Kefa akaisogeza machoni, akaisogeza mbali, akaomba miwani ya jirani. Halafu yule mzee akavua kofia yake, akaiweka gotini. "Ngozi," akasema. "Amesimama juu ya ngozi." Akampa wa pili yake. Picha ikatembea mkono kwa mkono, na kila ilipopita kofia ilivuliwa, wengine wakipiga makofi ya polepole, viganja vimekunjwa, kama walivyofanya baba zao mbele ya mtemi. Laiti baba angekuwepo, Rahel akawaza.

Ikafika kwa Sostenes. Aliitazama mpaka jasho likamtoka kwenye paji la uso. Alipoinuka, sauti yake ilikuwa ya chini.

"Ngozi nimeiona, sina upofu. Lakini na mimi nina swali, na nijibiwe kiungwana. Kama mtemi ni yeye, babu yangu alikuwa anafanya nini kwenye kiti? Mtu wa kawaida akae, mtemi wake asimame, tena mbele ya mzungu? Mnataka kuniambia babu yangu alikuwa mtovu wa adabu? Mwendawazimu?"

Minong'ono ikaanza. Lilikuwa swali zuri, na Rahel aliyajua makali yake. Ndilo lililomfunga baba yake mdomo. Zefania akaangalia dari. Pale ushindi wote ulikuwa unaponyoka.

"Mwanangu Sostenes," sauti ikatoka nyuma.

Shangazi Anastazia alikuwa amesimama kwa bakora yake. Watu wakampisha njia, akaja mbele hatua kwa hatua.

"Babu yako hakuwa mtovu wa adabu. Alikuwa kazini. Kwetu mtemi hakalii kiti cha ugenini mpaka kionjwe. Watu walikuwa wanaweka mambo kwenye viti, sumu, miiba, na mengine ya gizani. Basi Gunda alikuwa anakaa kwanza. Akikaa, akaona mwili wake uko salama, anainuka, mama anaketi. Siku ile mzungu alileta kiti chake toka hemani. Gunda akakaa kukionja. Yule mzungu naye akajifunika kitambaa cheusi kichwani, akafanya mambo yake, akaibuka anasema tayari, kwisha. Mama akamwambia mkalimani, mwambie bado sijakaa. Mzungu akasema kioo kimeshatumika, akafunga mizigo. Mama alilicheka jambo hilo mpaka anazeeka. Hakujua litatufanya nini."

"Shangazi," Rahel akasema, "miaka yote hii mbona hukutuambia?"

"Mlikuwa mnalia kwamba mmetukanwa. Hakuna aliyeniuliza habari ya kiti."

Wazee wakaangua kicheko, mzee Kefa akikubali kwa kichwa, akisema ni kweli, waonja viti walikuwepo, yeye mwenyewe alimkuta mmoja akiwa mtoto. Lakini Sostenes hakucheka. Alikuwa amebaki wima na picha mkononi, bwana yule wa malori, na midomo inamcheza kama ya mtu aliyefiwa.

"Kwa hiyo alikuwa mtumishi," akasema. "Kumbe mtumishi ni wa ukoo wetu."

Rahel alikuwa ameisubiri siku hii tangu utoto, aione familia ya Gunda ikilionja neno lile. Alishangaa kuona halikuwa tamu. Alitaka kusema kitu, lakini shangazi alimtangulia.

"Sikiliza, mwanangu. Kazi ile haikupewa mwoga. Kila siku Gunda aliuweka mwili wake mbele ya kifo ili mama yangu aishi, na mimi nizaliwe, na huyu Rahel azaliwe. Mwaka wa njaa, kule ng'ambo ya bonde, alikionja kiti kimoja hakuinuka tena. Mama alikaa matanga siku arobaini. Watu hawamlilii mtumishi namna hiyo. Babu yako tunamdai nini sisi? Sisi ndio tunaodaiwa."

Sostenes akaketi, akaufunika uso kwa viganja. Hakuna aliyemharakisha. Nje malori yake yalikuwa yanapita kwenda sokoni.

Zefania akazinduka, akakiburuta kiti cha mwenyekiti, kile kikubwa chenye mito, akakiweka mbele katikati. "Mama, kaa basi. Umesimama muda mrefu."

Shangazi Anastazia alikitazama kile kiti. Hakusogea. Aliegemea bakora yake akangoja. Rahel alitaka kumshika mkono, kisha akaelewa, akaurudisha mkono wake.

Ukumbi mzima ulikuwa umeelewa. Sostenes naye akauinua uso, akaona watu wanamtazama. Akainuka, akafunga kifungo cha koti, akaja mbele mwendo wa polepole. Akaketi kwenye kile kiti, mgongo umenyooka, mikono mapajani. Machozi yalimshuka na hakuyafuta. Halafu akasimama, akapiga goti moja sakafuni mbele ya bibi kizee.

"Kiti ni salama, Mtemi," akasema.

Yale makofi ya polepole yakajaa ukumbi. Shangazi Anastazia akaketi, akanyoosha miguu yake, akashusha pumzi ndefu ya mtu aliyefika.

"Haya, Zefania," akasema. "Sasa andika. Wote wawili, kwa majina na kwa kazi zao."

Zefania akaishika kalamu, na Rahel akasogea karibu yake ili amtajie.